Gari ya kuuza haipigwi rangi

Ukimiliki gari kuukuu hapa Unguja hukosi washauri. Kinyozi wangu, jirani anayeuza urojo, shemeji yangu aliyevuka mara moja kutoka Dar, wote wananipa neno lilelile: ipige rangi, uiuze. Wanalisema kwa pumzi moja, kana kwamba ni kazi moja yenye hatua mbili. Mimi naona ni mambo mawili yanayovutana. Anayetaka kuuza, rangi mpya haimsaidii na pengine itamharibia. Na anayepiga rangi ya maana ameshaamua kubaki na gari yake, hata kama ulimi bado unasema anauza.

Gari yenyewe ni Eunos Roadster ya mwaka 1991, nyekundu, viti viwili, paa la turubai. Duniani inajulikana zaidi kwa jina la Mazda MX-5, ila Japani Mazda waliiuza kupitia maduka yao ya Eunos, ndiyo maana mgongoni haikuandikwa Mazda popote. Nikisimama Michenzani kwenye mzunguko kuna atakayeinamisha kichwa dirishani kuniuliza ni ya kampuni gani. Watoto wa mtaani kwetu Mbweni hawana haja ya kuuliza. Wameshaiona ikiwasha taa, zile taa zinazoibuka kutoka ndani ya boneti, na wameipa jina lake: Chura. Hata mke wangu sasa anaiita hivyo. "Chura amekuzibia njia," ananiambia, akitaka kutoa Noah.

Gari hii ilitangazwa Chicago, Februari 1989, na Septemba mwaka huohuo ikaanza kuuzwa Japani. Walioibuni walikuwa wameviangalia kwa makini vigari vya Kiingereza vya miaka ya 1960, hasa Lotus Elan: chepesi, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Walichoongeza wao ni jambo ambalo wenye vile vigari vya Kiingereza walikuwa wakiliomba usiku na mchana, nalo ni gari inayowaka kila asubuhi na haiachi dimbwi la oili uani. Injini ni ya sentimita za ujazo 1,598, nguvu za farasi 120, na gari nzima ina uzito wa kilo 950 hivi. Tarakimu hizo hazimtishi mtu mwenye Land Cruiser. Lakini Land Cruiser haikwambii barabara ina nini chini yake. Hii inakwambia kila kitu, mpaka yale ambayo hukutaka kujua.

Niliinunua kwa meneja wa hoteli mmoja wa ukanda wa mashariki aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Ndipo Chura alipokaa kabla yangu, mita chache kutoka mchangani. Mwenye kujua magari ya pwani ameshaanza kutikisa kichwa.

Barabara anayoipenda ni ile ya kutoka Kinyasini kwenda Kiwengwa, baada ya sala ya alfajiri, kabla ya daladala na malori ya mchanga hayajaamka. Asiyoipenda ni ya Jozani. Pale msituni yaliwekwa matuta kuwanusuru kima punju waliokuwa wakigongwa na magari, jambo jema kabisa, nami sina ugomvi na kima. Ila gari ya spoti haipandi tuta la Jozani moja kwa moja. Unalikata mshazari, gurudumu moja moja, na nyuma yako dereva wa basi la watalii anapiga honi kama umemzuia bwana harusi.

Sasa rangi. Wanaoiona kwa mbali hudhani Chura alizaliwa wa pinki. Boneti imepauka, imefanya unga juu yake kama ukuta uliopigwa chokaa. Ukiipitisha kiganja kinatoka na rangi. Sababu inajulikana. Nyekundu ile ya Mazda, waliyoiita Classic Red, kwenye magari hayo ya mwanzo ilipigwa bila klia juu yake. Klia ni lile tabaka la juu lisilo na rangi, nalo ndilo linalokinga rangi na jua. Bila klia, jua linachoma rangi yenyewe, tabaka la juu linageuka unga, na hakuna rangi inayoonyesha maradhi hayo upesi kama nyekundu. Hapa kwetu, nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, jua halina huruma.

Lakini rangi isiyo na klia ina wema wake. Klia ikishaanza kubanduka, hakuna dawa, ni kusugua yote na kuanza upya. Hii yangu unga uko juu na nyekundu iko chini. Siku moja nilichukua kitambaa cha fulana ya zamani, nikatia polishi ya kukata, nikasugua sehemu ya ukubwa wa sahani pembeni ya boneti. Kitambaa kikawa chekundu kabisa kama mtu aliyejikata. Nikageuza upande safi, nikasugua tena. Nilipofuta nikaona uso wangu. Nyekundu imekolea, ya kung'aa, kama ilivyotoka Hiroshima, na kuizunguka ni bahari ya pinki. Mwanangu wa kike alisimama akaangalia akasema, "Baba, sasa umeiharibu. Ina kidonda."

Hesabu ya polishi ni ndogo na inatisha. Rangi yote ya kiwandani, tangu praima, yaani tabaka la chini kabisa, mpaka juu, ni unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kila ukikata unga unaondoa kidogo kwenye hicho hicho kidogo, na kwenye kingo za boneti na mikunjo ya milango rangi huwa nyembamba zaidi. Ukizembea hapo na mashine, dakika moja unaiona praima. Kwa hivyo polishi inampa Chura miaka, haimpi umri wa pili.

Nikaona nimpelekee mtu anayejua. Fundi ninayemwamini yuko Fuoni, gereji yake ni uwanja wenye mwembe mmoja, banda moja la mabati, na kompresa ambayo umri wake haulizwi. Ni mzee. Amenyoosha bodi za magari tangu siku ambazo Peugeot 504 ilikuwa gari ya mtu mkubwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu Chura?"

"Ndiye. Nataka unambie rangi itanigharimu nini."

Hakuiangalia boneti. "Rangi nimeiona tangu unapinda kule barabarani. Nionyeshe chini."

Akakunja kanzu yake ya kazi, akapiga magoti. Mfukoni akatoa sumaku, ile ya kwenye spika ya redio, imefungwa kipande cha kanga isikwaruze. Kwenye madigadi ya mbele sumaku ilijibana mpaka akaivuta kwa nguvu. Kwenye mlango ikajibana. Akashuka kwenye kizingiti cha chini ya mlango, akaanza mbele kuelekea nyuma, taratibu, kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Karibu na gurudumu la nyuma sumaku ikateleza. Akaiweka tena, ikateleza tena. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Mbele kulilia bati. Hapa kulikuwa na sauti nzito, iliyokufa.

"Hapa pana fila," akasema, yaani ile lipu ya kuzibia bati bovu, ambayo sumaku haiishiki. "Mtu ameshapita kabla yako."

Akachukua bisibisi, akaniangalia kuomba ruhusa, nikaitikia. Hakusukuma. Aliiegemeza tu, na bisibisi ikaingia mpaka kwenye mpini. Ilipotoka ilifuatwa na vipande vya kutu vya rangi ya tumbaku na kidogo cha maji. Hatukuwa na mvua wiki nzima.

"Haya maji yametoka wapi?" nikauliza.

"Juu." Akaenda nyuma ya kiti, akavuta zulia, akatafuta kwa kidole pale turubai linapokutana na bodi. Gari hizi zina tundu kila upande. Maji yanayoteremka kwenye turubai hukusanywa nyuma, yanaingia tunduni, yanashuka kwa ndani, kisha hutokea chini ya gari. Tundu likiziba maji hayana pa kwenda ila kwenye kizingiti, ambacho ni mfereji wa bati uliofungwa pande zote. Fundi alimwita kijana wake alete fagio, akachomoa chelewa moja, akaichovya kwenye tundu, akaizungusha. Kilichotoka ni tope jeusi, na ndani ya tope majani ya mwarobaini, machanga na makavu, ya misimu mingi. Mwarobaini wangu wa uani, ninaomwegesha Chura chini yake ili asiungue na jua.

Maradhi haya ya Roadster yanajulikana kokote zilikokwenda, Uingereza zimekufa nyingi kwa hilo. Tofauti yetu ni chumvi. Upepo wa kusi unapovuma Mbweni, vioo vya nyumba vinafanya ukungu ambao si mvuke, ukiulamba utajua. Chumvi ikikaa kwenye bati haikauki, inavuta unyevu hewani hata siku ya jua. Watu wanasema osha gari kila ukitoka pwani. Sawa, lakini osha na maji gani? Visima vingi vya karibu na bahari maji yake yenyewe yana chumvi. Unamwosha Chura kwa kilekile unachotaka kumwondolea.

Fundi alifungua na buti pia. Betri ya gari hii imewekwa buti, upande wa kulia, na ile ya asili ilikuwa ya aina iliyozibwa, yenye kimrija cha kupeleka gesi nje. Mwenye gari aliyepita alitia betri ya kawaida ya maji. Mvuke wa asidi umeshaanza kula bati ya chini yake. "Hii nayo ibadilishe," fundi akasema, bila kupandisha sauti.

Basi nikamrudia swali langu la rangi. Akanipa bei mbili. Ya kwanza milioni 1.2: gari inabaki kama ilivyo, wanabandika magazeti kwenye vioo na raba, wanapiga msasa kwa juu, wanapuliza, siku nne umeichukua. Mimi naiita rangi ya dalali. Ya pili milioni 3.5: inavuliwa bampa, taa, raba na vitasa, inasuguliwa, panapohitaji chuma kinaonekana, inapigwa praima, inasuguliwa tena, kisha rangi ya kuchanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, na klia juu. Vizingiti ni hesabu yake peke yake, laki nane kwa pande zote mbili, kukata bati bovu na kuchomelea jipya.

Nikamuuliza, nikichukua ile ya kwanza, vizingiti si vitafunikwa?

Akacheka. "Vitafunikwa. Na kitakacholiwa kitaliwa kwa ndani, huku wewe unapiga picha."

Waliokulia Mji Mkongwe wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Nyumba ya mawe na chokaa ikipata unyevu, mwenye nyumba mwenye haraka huipiga plasta ya saruji. Ukuta unapendeza. Lakini chokaa ilikuwa inapumua na saruji haipumui, maji yanabaki ndani ya ukuta, na baada ya masika kadhaa plasta inaanguka kipande kizima ikiwa imeshika nusu ya ukuta. Rangi juu ya kutu ni saruji hiyo.

Kuna na suala la wakati. Nilitaka kazi ifanyike Aprili maana ndiyo nina nafasi. Fundi alikataa kunisikiliza. Masika hapigi rangi, labda mtu amlazimishe, na akilazimishwa hatoi dhamana. Thina ikiruka inapoza uso wa bati, na hewa ikiwa imejaa maji, maji hayo yanatua kwenye rangi mbichi. Rangi inafanya weupe, inakufa mng'ao kabla hata ya kukauka. Kompresa nayo inakusanya maji tumboni, na kama hakuna kichujio kwenye mpira, matone yanatoka na rangi na kufanya vishimo. Msimu wake ni baada ya mvua, kusi likishakausha hewa, asubuhi kabla ya upepo kuleta vumbi.

Nitoke nje ya mada kidogo. Ukienda gereji kuuliza bei, usiangalie tu magari yaliyomalizika, angalia na uso wa kijana anayepuliza. Hadina za rangi hizi za kisasa zina isosayaneti, kemikali inayoshambulia mapafu na kumwachia mtu pumu ya maisha. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Huyu fundi wangu ana barakoa mbili za vichujio na vijana wake wanazivaa kweli. Hilo limo kwenye ile milioni 3.5, na mimi sioni tabu kulilipia. Gereji moja nyingine niliyopita, bei ilikuwa nusu, kijana alikuwa anapuliza akiwa amejifunga fulana usoni na macho yamemuiva.

Tuje kwenye kuuza.

Dalali niliyempigia alikuja akiwa amevaa miwani ya jua, akazunguka gari mara moja, akasema, "Kaka, ungekuwa na Vitz ningeiuza kabla ya adhuhuri." Na ni kweli. Soko letu ni la Toyota. Vitz, IST, Noah, Alphard, hizo zina bei ambayo kila mtu anaijua hata akiamshwa usingizini, spea zake ziko kila kona, na fundi yeyote anazifungua kwa macho yaliyofumba. Roadster haina bei Zanzibar. Ina mtu. Akitokea mtu, ina bei yake huyo, asipotokea, haina.

Wapo wanaoniambia nisubiri, magari ya zamani ya Kijapani yanapanda thamani huko nje. Baadhi yanapanda. Mazda wenyewe wameanza tangu mwaka 2018 kuzikarabati Roadster za kizazi hiki kule Japani, na wamerudi kutengeneza baadhi ya spea, hadi turubai la paa. Hilo linanifurahisha kwa sababu linanihakikishia turubai. Halinipandishii bei Darajani. Na tusisahau kwamba MX-5 ya milioni moja ilitoka kiwandani Aprili 2016. Chura ni adimu Zanzibar tu, na uadimu wa Zanzibar hauuziki Hiroshima.

Wateja wawili walijitokeza. Wa kwanza anakodisha magari kwa wageni kule Paje, na alichotaka ni picha: gari nyekundu, paa wazi, mnazi nyuma. Alisema nikiipiga rangi ing'ae atanipa milioni 10. Nikamwambia vizingiti vimeoza. Akasema hilo halina shida, rangi tu. Ndipo nilipopata hofu. Gari hii haina paa la chuma la kuishika juu. Nguvu yake yote ya kutopinda katikati iko chini, na vizingiti ndivyo vyenye sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kumpa mgeni aliyetoka uwanja wa ndege asubuhi, aende nayo Nungwi na mkewe, vizingiti vikiwa fila na rangi mpya juu yake, siwezi. Milioni 10 hiyo sikuihesabu tena.

Wa pili ni mwalimu wa skuli ya sekondari, Mpemba wa Wete. Alivuka kwa meli ya usiku, akafika kwangu asubuhi na tochi yake mkononi. Tukasalimiana, nikamkaribisha chai, akasema chai baadaye, mwalimu ni mtu wa kumaliza kazi kwanza. Swali lake la kwanza halikuwa injini.

"Imeshawahi kupigwa rangi?"

"Haijapigwa. Ila mtu alitia fila kwenye vizingiti kabla yangu."

Akapumua kama aliyetua mzigo. "Alhamdulillahi. Ingekuwa mpya ningerudi zangu na meli ya mchana."

Nikamwambia anieleze. Akasema gari kuukuu yenye rangi mpya inauzwa na mtu mwenye kitu cha kuficha, au na mtu aliyenunua kutoka kwa mwenye kitu cha kuficha, na mnunuzi hana njia ya kuwatofautisha. Gari iliyopauka unaiona maradhi yake yote kwa macho. Mkwaruzo ni mkwaruzo, kutu ni kutu, na mlango ambao pinki yake hailingani na ya mwenzake umeshabadilishwa. Bei anaipanga kwa anachokiona. Rangi mpya inamlazimisha aipange kwa asichokiona, na hapo kila mtu mwenye akili anapanga chini.

Ningeweza kumkumbatia. Ndilo nililokuwa nikijaribu kuwaeleza kinyozi na shemeji.

Akalala chini ya gari, akaangalia, akatoka na vumbi mgongoni, akanipa milioni 7. Alisema wazi: ingekuwa na vizingiti vizima angefika 8 na nusu. Rangi hakuitaja. Nilipomuuliza, akasema rangi atajua mwenyewe akiwa Pemba.

Fanya hesabu pamoja nami. Vizingiti laki nane, vinaongeza bei milioni moja na nusu. Hiyo inalipa, tena inaokoa gari. Rangi ya milioni 3.5 haiongezi chochote kwa mnunuzi mwenye akili, na inaongeza kwa mnunuzi ambaye sitaki kumuuzia. Rangi ya milioni 1.2 ni mbaya zaidi, inamfukuza mwalimu na kumwita mtu wa Paje.

Kitu kimoja alichosema yule mwalimu kimenikera kwa namna nzuri. Kwamba Chura anateseka Unguja. Kisiwa chetu ni tambarare, barabara zimenyooka, matuta ndiyo kona zetu. Pemba ni vilima na mabonde, barabara inapanda na kujipinda kutoka Mkoani mpaka Chake, kutoka Chake mpaka Wete, na kule Konde kuelekea msitu wa Ngezi. Nimeipita njia hiyo kwa daladala nikiwa kijana, nimeshika bomba kwa mikono miwili. Gari iliyotengenezwa kwa ajili ya kona inaishi kwenye kisiwa kisicho na kona. Sikuwa na jibu.

Nikamweleza mke wangu yote, usiku, watoto wameshalala. Nilitarajia atasema uza. Ana hoja zake: sisi watu watano, gari ya watu wawili, na ada za skuli hazijali kama gari ni nyekundu au pinki. Akaniuliza jambo moja tu. "Hizo milioni 7, utafanyia nini?"

Nikasema labda kigari kingine kidogo, cha kazini.

"Tunayo Noah. Na wewe ofisini unakwenda na daladala, unasema maegesho tabu." Akanyamaza. "Kama ni kwa ajili ya ada, niambie, tuuze kesho. Kama ni kwa sababu kinyozi amekwambia, mwache Chura."

Si kwa ajili ya ada. Na yeye, wala hatoliandika hili popote, ndiye anayetaka turubai lishushwe tukitoka Forodhani usiku, na ndiye anayejua pale zipu ya kioo cha nyuma inapokwama.

Kwa hiyo nimeshaamua, ingawa uamuzi wenyewe si rangi wala si kuuza. Vizingiti vinakatwa wiki ijayo, kabla mvua hazijashika. Bati jipya litakaa na praima ya epoksi, kwa sababu praima ya kawaida inafyonza maji na epoksi inaziba, na itamvusha masika salama. Kusi likishakausha hewa, fundi atapiga nyekundu sehemu ya chini tu, kutoka kizingiti mpaka mstari wa chini wa mlango, kwa namba ileile ya rangi, SU, iliyoandikwa kwenye kibati cha chumba cha injini. Boneti, milango na mgongo nitavisugua mwenyewe kwa mkono, bila mashine, Ijumaa baada ya sala, mpaka vifanane na kile kidonda. Havitalingana sawasawa na pale chini. Mnunuzi yeyote wa siku za mbele ataona palipoguswa na pasipoguswa, na ndivyo ninavyotaka.

Shemeji alinishauri nibadilishe rangi kabisa, niifanye ya fedha, haionyeshi vumbi. Kadi imeandikwa nyekundu, na kubadilisha rangi maana yake kupaka chumba cha injini, buti, na kila kona ya mlango, la sivyo ukifungua boneti gari inakucheka. Nimemkatalia kwa heshima.

Mwalimu nimempigia simu nikamweleza. Hakukasirika. Ameniomba mambo mawili: siku nikitaka kuuza yeye awe wa mwanzo kuambiwa, na fundi akishakata vizingiti nimpigie picha za ndani kabla hajavifunga. La pili nimemuahidi bila kusita. La kwanza nimesema inshallah.

Kwa sasa Chura ameondolewa chini ya mwarobaini, amefunikwa turubai la lori, na chelewa moja iko ndani ya kisanduku cha glavu. Betri iliyozibwa nimeagiza. Kioo cha nyuma, ambacho ni cha plastiki, kimeshakuwa cha manjano, lakini hicho kitasubiri mwakani.